Tulilipia kupanda mlima na kupiga kasia Mfangano, tukapewa maua kitandani

Wadau, nimerudi Kisumu jana jioni na hasira bado iko kooni. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Mimi na baba watoto tuna miaka 11 ya ndoa na watoto watatu. Tangu kifungua mimba azaliwe, hatujawahi kulala mahali bila mtu wa kutuamsha usiku akitaka maji. Mwaka huu tukasema liwe liwalo. Watoto tukawapeleka Ahero kwa dani (bibi) yao, sisi tukashika njia ya kisiwani. Pwani ni mbali na nauli si mchezo, na hapa nyumbani visiwa tunavyo, ikweta iko hapo juu tu. Tukachagua Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria.

Sasa sikieni tulichonunua. Tangazo la hoteli lilisema: kupanda mlima Kwitutu alfajiri na mtu wa kutuongoza, kayaki, baiskeli za kuzunguka kisiwa, boti ya kwenda kuogelea kisiwa cha Takawiri kwenye mchanga mweupe. Shilingi 64,000 kwa watu wawili, kulala siku tatu, kila kitu ndani. Kabla ya kutuma pesa nilimpigia meneja mara mbili. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu: hatuji fungate, tunakuja kutoa jasho. Akacheka, akasema, "Mama, mtachoka wenyewe." Nikatuma M-Pesa yote, mjinga mimi.

Safari yenyewe sina neno nayo. Matatu hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, halafu boti ya abiria tukiwa tumebanana na magunia ya unga na kuku wawili. Hiyo ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri.

Tunafungua mlango wa chumba, kitandani kuna moyo. Maua ya boganvilia yamechumwa uani, yamepangwa umbo la moyo, na taulo mbili zimekunjwa kama mabata yanayobusiana. Sisimizi waliokuja na maua walishapanga foleni kuelekea kwenye mto. Baba watoto alikung'uta shuka dirishani bila kusema kitu. Mimi nikasema, sawa, ni ukarimu, kesho tunapanda mlima.

Kesho yake saa 12 asubuhi tuko nje, viatu vimefungwa, maji mkononi. Saa 1, hakuna mtu. Saa 2, hakuna mtu. Kumbe wa kutuongoza ni kijana wa jikoni, na lazima kwanza akaange mayai ya wageni. Alikuja saa 4 jua likiwa limeshawasha mawe. Hata nusu ya mlima hatukufika, akatazama simu, akasema anaitwa akaanze chakula cha mchana. Huyo kijana simlaumu, mtu mmoja amepewa kazi tatu. Nilimpa 200 zake tukashuka.

Kayaki ndiyo iliyonimaliza. Wametuandikia saa 9 alasiri. Mtu yeyote aliyezaliwa karibu na ziwa hili anajua kwamba asubuhi maji hutulia, ila jua likishapasha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani na mawimbi yanasimama. Hata wavuvi wanapanga kazi yao kwa kufuata huo upepo. Saa 9 ni saa ya kutazama ziwa ukiwa kitini. Nikauliza kwa nini si asubuhi, nikaambiwa asubuhi "couple" huwa wamelala. Wameshatuamulia!

Tukateremka ufukweni hivyo hivyo. Kayaki ni moja, ina ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Majaketi ya kuokolea ni mawili: moja la mtu mzima, la pili lina picha ya samaki anayecheka na mikanda yake inaniishia kwapani. La mtoto! Nimeacha watoto Ahero, nimekuja kuvalishwa jaketi la mtoto. Nilipolalamika, meneja hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu: "Mzee, mtulize mama, tutawaletea divai jioni." Wadau, mimi ndiye niliyetuma pesa. Jina kwenye ile meseji ya M-Pesa ni langu.

Baiskeli: moja haina breki, nyingine mlinzi alikuwa ameenda nayo dukani. Boti ya Takawiri: hakuna mafuta, kisha nahodha hayupo, kisha mpaka wageni wafike sita. (Wanaotaka kunihubiria kuhusu kichocho, najua, ndiyo maana tulitaka boti itufikishe mbali na matete. Dawa ningemeza.)

Siku ya tatu tukaacha kuomba. Tulitoka langoni kwa miguu, tukasimamisha boda, akatupeleka kwenye makumbusho ya jamii ya Abasuba (Wasuba). Pale tukapata mtu anayeijua kazi yake. Alitupandisha hadi kwenye miamba ya Kwitone, tukaona ile michoro, miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, inayosemekana ilichorwa na Watwa waliokaa huko kabla ya Waluo na Wasuba. Akatueleza jinsi wazee walivyoihusisha na mvua. Tulirudi magoti yanatetemeka, vumbi hadi kwenye nyusi, tumefurahi kama wanafunzi waliotoroka shule. Boda, kiingilio na mwongozaji, vyote pamoja havikufika 3,000. Ndipo hasira ikapanda zaidi, maana vitu viko, watu wapo, na hoteli haikufungua mdomo kutuambia.

Wakati wa kuondoka nikadai nirudishiwe pesa za michezo ambayo hatukupewa. Jibu: "Si mmekula na mmelala?" Tangu jana meseji zangu za WhatsApp zinasomwa, hazijibiwi.

Sasa naomba msaada, si pole. Najua kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Nina tangazo lao, nina meseji ya malipo, nina picha ya lile jaketi. Kuna aliyewahi kwenda huko kwa jambo kama hili? Ulidai pesa yote au tofauti tu? Na tangazo nililopiga picha kwenye simu linakubalika kama ushahidi?

NIMEHARIRI: Mnaouliza jina la hoteli, sitaji kabla ya kesi. Na wewe uliyeandika kwamba ningefurahia tu maua na mume wangu, njoo Ahero leo jioni umweleze dani. Ameniuliza mara tatu picha za juu ya mlima ziko wapi.