Mkesha wa kuandika kuhusu filamu za njozi: zawadi zitolewe vipi bila kuharibu mchango?

Mshabiki wa Shangani (Mtwara Mjini)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limetugawa kikundini, na ambalo nisingependa litufikishe tena pale tulipofika mwaka jana.

Sisi ni watu tisa, wengi wetu walimu na wanafunzi wa chuo, tunaopenda filamu za njozi: zile zenye majoka yanayotema moto, majitu, pete zenye nguvu na watoto wanaosomea uchawi bwenini. Mwaka jana tuliendesha mkesha wa kuandika kwa ajili ya hisani. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitimiza: kwa muda wa saa 24 makala mpya kuhusu filamu hizo inatoka kila nusu saa, jumla makala 48, na wasomaji wanaahidi kuchangia, ama kiasi fulani kwa kila makala inayotoka kwa wakati, ama kwa mkupuo. Fedha zote zilikuwa za madawati ya shule moja ya msingi ambayo watoto wa darasa la pili walikuwa wakikaa chini.

Ili kuwachangamsha watu tuliongeza zawadi. Kila aliyetuma shilingi 2,000 alipewa namba, na saa tisa usiku tukafanya droo. Vikaratasi vilikunjwa, vikatiwa kwenye sufuria ya wali, mtoto wa mwenye nyumba akaamshwa ili avute kimoja. Mshindi wa zawadi kubwa, kinyago cha joka cha mpingo, akatokea kuwa binamu yake mweka hazina wetu. Naapa hapakuwa na hila yoyote, kwa maana mimi ndiye niliyeishika ile sufuria; lakini nani angetusadiki, ilhali wachangiaji wote walikuwa wamelala? Asubuhi manung'uniko yalikuwa mengi kuliko pongezi, na watu wawili wakaomba warudishiwe fedha zao. Tuliwarudishia.

Mwaka huu tunataka kurudia. Wenzangu wanne wanasema droo iendelee kwa sababu ndiyo iliyoleta wachangiaji wengi. Wanne wanataka zawadi zifutwe kabisa. Kura ya tisa ni yangu. Je, ipo njia ya kutoa zawadi isiyozaa maneno? Zawadi zipi zinamfaa shabiki wa filamu hizi hapa kwetu, maana za kuagiza kutoka nje zinakula fedha kabla hazijafika? Na zitolewe saa ngapi?

Mhasibu Mstaafu (Masasi)

Ndugu Mshabiki, poleni kwa yaliyowakuta. Tatizo lenu halikuwa binamu wala sufuria. Mliuza tiketi bila kuziita tiketi.

Yatazameni mambo matatu: mtu analipa, mshindi anapatikana kwa bahati, na kuna zawadi. Yakikutana yote matatu, hiyo ni bahati nasibu, hata kama lengo lake ni jema kama madawati. Bahati nasibu inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, nayo haiendeshwi bila leseni. Kwa kikundi cha watu tisa, rahisi zaidi ni kuliondoa moja kati ya yale matatu. Zawadi mnaitaka, kwa hiyo ondoeni bahati: mshindi apatikane kwa kazi aliyoifanya, yaani kwa jibu, kwa mchoro au kwa aya aliyoiandika. Na malipo nayo yatengwe na shindano, ili asiye na kitu aweze kushindana sawasawa na aliyechangia laki moja.

La pili ni fedha. Nimekuwa mweka hazina wa vikundi vitatu tofauti, na kote nilikopita ugomvi ulianza pale ambapo fedha za watu ziliingia kwenye simu ya mtu binafsi. Fungueni namba ya malipo ya kikundi, itoeni tangu siku ya kwanza, na katika ule mkesha tangazeni jumla kila saa, hata saa ambayo haikuingia senti. Zawadi zisinunuliwe kwa michango. Ama mzinunue kwa mifuko yenu, ama mziombe kwa wafanyabiashara, na mtangaze mapema nani ametoa nini. Mchangiaji anapouliza elfu mbili yake imekwenda wapi, jibu liwe neno moja tu: madawati.

Tena wanakikundi na ndugu zao wa karibu wasishiriki kabisa. Hilo liandikwe kwenye tangazo la kwanza, si baada ya mshindi kupatikana.

Mzee wa Kibanda (Lindi Mjini)

Nimemsoma Mhasibu, nami namheshimu, lakini mimi ninaendesha kibanda umiza na watu nawaona kwa macho. Mtu wa kwetu ana moyo wa kutoa, ila moyo wenyewe huchangamka akiona kitu mezani. Mkimwambia aandike aya kwanza, nusu yao watakwenda zao. Wateja wangu wanaojaza mabenchi kuangalia sinema za majoka, hasa ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, wanaweza kukusimulia vita nzima tangu farasi wa kwanza mpaka mnara unapoanguka, lakini ukiwapa kalamu wanakutazama tu. Je, hao si mashabiki?

Ushauri wangu ni kwamba ruhusuni majibu ya sauti. Mtu arekodi kwa simu dakika moja, asimulie, atume. Hapo mtampata mpaka dereva wa bodaboda.

Kuhusu saa, tisa usiku ilikuwa kosa la wazi. Zawadi kubwa itolewe saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wamekula na bado wameshika simu, na siku hiyo pasiwe na mechi kubwa, kwa sababu joka lolote likishindana na mpira linapigwa. Na msifanye mkesha mwezi wa sita. Subirini minada ya korosho ianze, Oktoba, kisha mwache wakulima walipwe. Katikati ya Novemba hata anayedaiwa ana shilingi elfu tano ya kuchangia.

Mhasibu Mstaafu (Masasi)

Mzee wa Kibanda, la sauti nakubaliana nawe kwa mikono miwili, na sikulifikiria. La Novemba vilevile.

Binti wa Mchongaji (Mtwara)

Nimecheka na kusikitika kwa pamoja, kwa sababu kinyago hicho kilitoka kwa baba yangu. Aliwauzia kwa bei ya chini baada ya kuambiwa habari za madawati, kisha akasikia kimezua ugomvi. Aliniuliza, "Kwani lile joka limewauma?"

Nizungumzie zawadi, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Acheni kuagiza vikombe na fulana zenye picha za filamu. Mbali na gharama ya usafirishaji na ushuru, picha za wahusika zina wenyewe, na kuzichapisha kwenye fulana bila ruhusa kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata kama fulana hazikuuzwa. Shabiki wa njozi hahitaji nembo ya kampuni ili afurahi; anahitaji kiumbe. Na viumbe, ndugu zangu, sisi Wamakonde hatujavikopa kwa mtu. Mtindo wa kuchonga mashetani ulishika kasi tangu miaka ya 1950: viumbe wenye jicho moja, wenye mdomo ubavuni, waliojikunja mpaka hujui mguu ni upi na mkono ni upi. Mtu aliyezoea kuangalia majitu ya sinema akikishika kinyago cha namna hiyo kwa mara ya kwanza, hakiweki chini upesi.

Joka lile la mwaka jana baba alilitoa kwenye gogo moja, bila kiungo wala gundi. Moyo wa mpingo ni mweusi, lakini sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe inayokaribia rangi ya maziwa. Wengi huiondoa yote kwa tezo, yeye aliibakiza upande mmoja ili iwe tumbo la joka, na magamba akayachimba moja moja kwa ncha ya patasi. Alilifanyia kazi siku kumi na mbili. Kwa hiyo zawadi kubwa iwe moja tu ya aina hiyo. Zawadi ndogo zinaweza kuwa vishikio vya funguo vya mpingo, vitabu vya hadithi, au pakiti za korosho zilizobanguliwa, ambazo mshindi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma atazifurahia kuliko kikombe.

Nina ombi moja. Mkinunua kwa wachongaji, lipeni bei yao. Hisani yenu isianze kwa kumpunja fundi.

Mwalimu wa Fasihi (Nachingwea)

Naomba niongeze mawili, moja la maswali na jingine la namna ya kuwavuta watu bila droo.

Mkiamua kutoa zawadi kwa majibu, ogopeni swali ambalo simu inalijibu. Ukiuliza filamu ya tatu ya The Lord of the Rings ilipata tuzo ngapi za Oscar, jibu la 11 litakurudia kabla hujameza funda la chai, na watu arobaini watakuwa wamelituma ndani ya dakika moja. Mtarudi kulekule kwenye bahati, safari hii bahati ya mwenye intaneti yenye kasi. Ulizeni jambo linalomtaka mtu afikiri. Kwa mfano: kama pete ile ya filamu hiyo ingepaswa kuangamizwa mahali fulani katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ungeipeleka wapi, ungepita njia gani, na nani angekuzuia njiani? Nililijaribu swali hili darasani kwa vijana wa kidato cha tatu. Mmoja aliipeleka Tendaguru, akaizika kwenye mashimo ambayo Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi mikubwa kati ya 1909 na 1913, akasema mlinzi wake ni mzimu wa mjusi anayeidai mifupa yake iliyoko Berlin, ambako inasimama kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Swali la namna hiyo halina jibu kwenye simu ya mtu yeyote.

Majibu yasomwe na watu watatu walio nje ya kikundi, majina ya waandishi yakiwa yamefichwa, na yale matano bora yachapishwe yote ili kila mtu ajionee kwa nini mshindi ameshinda. Nawahakikishia kwamba manung'uniko hayataisha, kwa maana nimesahihisha insha kwa miaka mingi na sijawahi kuona mwanafunzi aliyeridhika na alama ya mwenzake, lakini yatakuwa manung'uniko juu ya uandishi. Hayo yanavumilika.

Sasa la kuvuta watu. Mashabiki wa filamu za Harry Potter waliwahi kuunda umoja wao wa hisani, Harry Potter Alliance, mwaka 2005 huko Marekani. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010 walikusanya zaidi ya dola 120,000 na kupeleka ndege tano za misaada ya tiba, na baadhi ya ndege hizo wakazipa majina ya wahusika wa hadithi. Nilipoisoma habari hiyo, kilichonigusa ni yale majina. Mchangiaji hakuambiwa tu kwamba anachangia fedha. Aliambiwa kuna ndege iitwayo Hermione inayongoja kujaa. Ninyi mna madawati. Muulizeni fundi bei ya dawati moja, kila dawati mlipatie jina la kiumbe, na kila nusu saa mtangaze Dawati la Jitu limebakiza kiasi gani. Watu watashindana kulimalizia lile la joka, bila namba na bila sufuria.

Na zile saa ngumu, kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, msizijazie zawadi. Zijazieni makala mlizokwisha kuzisanifu kichwani. Ile filamu ya pete na zilizoifuata mbili zina dakika 178, 179 na 201 katika matoleo ya sinema, yaani saa 9 na dakika 18 kwa jumla. Mkiziwasha saa tatu usiku, makala zenu za usiku mzima zinakuwa na cha kuzungumzia mpaka jua litoke. Mwandike mkiangalia, kwa zamu za watu wawili, wengine walale. Na muwe na betri iliyojaa, kwa sababu umeme hauna habari na mkesha wa mtu.

Mshabiki wa Shangani (Mtwara Mjini)

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni na kura yangu ya tisa haikuhitajika tena: droo imefutwa, zawadi zimebaki. Tumekubaliana katikati ya Novemba, namba ya malipo ya kikundi, na majibu ya maandishi au ya sauti ya dakika moja. Zawadi kubwa itatangazwa saa mbili na nusu usiku wa siku ya pili, baada ya waamuzi kupata mchana mzima wa kusoma na kusikiliza. Madawati kupewa majina kumewafurahisha hata wale waliokuwa hawataki kusikia habari za zawadi, na tayari kuna ubishi juu ya nani atalipatia dawati la mbilikimo jina gani. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyependekeza ndugu wasishiriki. Binamu yake, kwa taarifa yenu, amelirudisha joka, lakini tumekataa kulipokea.

Mwalimu, swali la pete tutalitumia jinsi lilivyo, kwa ruhusa yako.

Binti wa Mchongaji, mfikishie mzee salamu zetu na umwambie safari hii tutalipa bei kamili. Naomba tu umuulize kama anaweza kutuchongea joka lililokunja mabawa mgongoni. Lile la mwaka jana bawa la kushoto lilipata ufa kabla hata hatujalitoa kwenye boksi, na mshindi wa mwaka huu anaweza kuwa mtu wa mbali, ambaye zawadi yake italazimika kusafiri kwa basi chini ya magunia.