Acheni kuisingizia kolamu, rekoda yenyewe hamjaiseti!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anatupia chati ya kromatografia ya gesi (kutenganisha mchanganyiko kwa kuupitisha ukiwa gesi kwenye bomba jembamba, ndiyo kolamu) yenye vilele butu, anauliza anunue kolamu gani mpya. Rekoda, ile mashine ya kalamu inayochora signali kwenye karatasi, umeikagua?

Anza na geini, yaani kiasi ambacho rekoda inakuza signali. Unganisha ncha mbili za ingizo ili signali iwe sifuri, rekoda ikiwa imewashwa. Sogeza kalamu taratibu kwa kidole upande wa kushoto, iachie, kisha kulia. Ikirudi palepale pande zote mbili, geini iko sawa. Ikigoma kufika, ikabaki upande ulioisogezea, geini ni ndogo: vilele vidogo vitamezwa, na vikubwa vitakatwa vichwa. Ikitetemeka, umezidisha. Na kama inakwama sehemu ileile kila mara, waya wa potenshiometa (unaoiambia rekoda kalamu iko wapi) una uchafu, hapo geini haina kosa.

Halafu kuna wanaochomeka kigunduzi (kifaa kinachotoa signali) cha volti 1 kwenye rekoda ya skeli ya 10 mV (milivolti, elfu ya volti), kalamu inagonga ukingoni, wanahangaika na kitufe cha sifuri! Weka rezista mbili mfululizo, omu 9,900 na omu 100, chukua signali kwenye ile ya 100. Volti 1 inakuwa 10 mV. Basi.

Kasi nayo mnaipuuza. Kalamu inayotumia sekunde 1 kuvuka karatasi haiwezi kufuata kilele chenye upana wa sekunde 2. Kitatoka kifupi na kinene, nawe unakokotoa kiasi cha sampuli kwa urefu huohuo!

Wa kupima pH (kiwango cha asidi) ndio wananimaliza kabisa. Elektrodi ya kioo ina ukinzani wa mamia ya megaomu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye rekoda, signali inaanguka. Pitishia kwenye mita ya pH, chukua toleo lake.

Ethi (waya wa ardhini) iwe sehemu moja tu. Ukifunga mbili, mvumo wa umeme wa gridi unaingia na kuishibisha amplifaya, kalamu inakuwa nzito kama imelewa. Sifuri iweke asilimia 5 ndani ya karatasi, mstari wa msingi ukishuka uuone.

Na atenyuesheni (signali imepunguzwa mara ngapi) ukiibadilisha katikati, andika palepale kwenye karatasi: kilele cha mm 40 kwenye 8 ni mm 320 kwenye 1. Chati isiyo na skeli, atenyuesheni wala mwendo wa karatasi msituletee hapa.