Ile saiti ya kutafutia kodi (code) za alama imenidhalilisha kwa mteja

Wakuu, naandika huku natetemeka. Ile saiti mnaijua, msijifanye, ile ukigugo kodi ya alama yoyote, yaani yale maandishi ya kuitia alama isiyo kwenye kibodi, inatokea ya kwanza, ndiyo imenifanyia ushenzi leo.

Mteja wangu ana bucha, namtengenezea tovuti. Anataka neno ng'ombe liwe na ile koma ya juu iliyopinda, kama kwenye bango la dukani kwake, hataki ile iliyonyooka ya kibodi. Sawa, hela yake. Naingia kwenye hiyo saiti, nafunga tangazo la kubeti linafunguka la dawa ya kitambi, nafunga na hilo inaruka video, nafika kwenye alama nimeshaota mvi. Kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kukopi. Nakopi, napesti, napandisha hewani, namtumia mteja linki.

Simu hiyo. "Kijana, mbona umeandika nyama yangu ni ya 2019?"

Nafungua nakuta NYAMA YA NG\2019OMBE, maandishi mekundu, makubwa kama mlango wa gereji. Nyama ya 2019 jamani!

Hiyo \2019 ni ya CSS, lugha ya kupamba ukurasa, inakaa kwenye sehemu yake inayoitwa content. Kwenye HTML, inayobeba maandishi yenyewe ya ukurasa, inatakiwa ’ au ’, na JavaScript, lugha ya kuuendesha ukurasa, nayo ina yake, \u2019. Hao jamaa wanajua vizuri tu, neno CSS wameliweka pembeni kijivu juu ya kijivu, chini ya tangazo la kubeti, halafu kitufe kikubwa ndo kinakopi hiyo. Huku kwenye simu namsikia mkewe anawasomea wateja kwa sauti, "ng elfu mbili kumi na tisa ombe", bucha zima linacheka. 2019! Nyama ya kabla ya korona!

fundi_saiti: Si ungebonyeza tu koma ya kibodi ukalale mkuu

mtoa mada: Soma uzi. BANGO LIMEPINDA.

kisiki: Yaani umemtumia mteja linki hata hujafungua ukurasa 😂😂 halafu mwenye kosa saiti

binti_wa_css: Mwacheni, hiyo saiti hata mimi imenitesa. Niliandika ng\2019ambo ndani ya CSS kabisa, ikatoka herufi ya Kichina halafu "mbo". Kumbe CSS inameza mpaka tarakimu sita za heksa (0 mpaka 9 na a mpaka f), na a nayo ni heksa, ikasoma 2019A. Unatakiwa uache nafasi baada ya 2019, na wao hawajaandika popote

mtoa mada: UMEONA!!! Sasa mimi mzee wa watu ananiuliza friji gani imekaa na nyama tangu 2019

kisiki: Ng'ombe angesalimika huko kwenye CSS maana o haimo kwenye heksa

mzee_wa_seva: Madogo hayo. Utf8, mfumo wa kutunza herufi kwenye hifadhidata ya MySQL, inabeba baiti tatu tu kwa herufi, emoji nyingi ni baiti nne. Mteja wangu anauza keki, maoni kibao ya mioyo na makopakopa yamegeuka ???? anadhani watu wanamhoji. Utf8mb4 inayobeba baiti nne ipo tangu 2010 na bado hosti, hao wanaotukodisha seva za tovuti, wanakuwekea ile ya zamani

fundi_saiti: Usinikumbushe hosti, yangu imezima tena leo

kisiki: Ile ya "tunalishughulikia ndugu mteja"?

mtoa mada: Jamani nyama ya 2019

fundi_saiti: Hiyohiyo. Imelala tangu asubuhi na bili ya mwezi ujao wameshatuma

mzee_wa_seva: Hamia ninapokaa mimi, njoo inbox