"In-" ya "inflammable" ina kazi gani?

Mzazi, Ilula
Ndugu zangu, naomba msaada. Juzi tukipanda Kitonga, basi letu lilikaa muda mrefu nyuma ya lori la mafuta lililoandikwa "inflammable" kwa rangi nyekundu. Binti yangu wa kidato cha pili akaniambia kwa uhakika kwamba mzigo ule haushiki moto, kwa kuwa amefundishwa kuwa "in-" hukanusha, kama ilivyo katika "incorrect". Nilijua amekosea, lakini nilishindwa kumweleza sababu.

Mwalimu, Mafinga
Mzazi mwenzangu, kanuni aliyofundishwa binti ni sahihi, ila haijakamilika. Kilatini kilikuwa na "in-" mbili zinazofanana kwa sura: moja ya kukanusha, nyingine yenye maana ya "ndani". Neno hilo linatokana na kitenzi "inflammare", yaani kutia moto, ambacho kimebeba ile ya pili. Wala kosa lake si la kitoto, kwani kwa kulihofia hilohilo, wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani walianza katika miaka ya 1920 kuhimiza maonyo yaandikwe "flammable". Maneno hayo mawili yana maana moja. Kisichoshika moto huitwa "nonflammable". Tafadhali mweleze leo, maana hili si la mtihani tu.

Hapa kwetu "pineapple" nalo huwasumbua wanafunzi, kwa kuwa "pine" ni msindano na "apple" ni tufaha, na nanasi si hiki wala kile. Zamani Waingereza waliliita hivyo tunda gumu la msindano, lile lenye magamba ambalo watoto huliokota msituni Sao Hill. Katika karne ya 17 jina likahamia kwenye nanasi, kwa sababu ya yale magamba.

Karani mstaafu, Mbeya
Nilipostaafu niliandikiwa barua iliyosema utumishi wangu ulikuwa "invaluable". Niliikunja nikaifungia sandukuni kwa miezi miwili, nikiamini kwamba nimeambiwa sikuwa na thamani. Mwalimu, hapo "in-" inakanusha kweli, lakini kinachokanushwa ni tendo la kupima: ni thamani isiyopimika. Mkwe wangu ndiye aliyenisomea upya, na barua sasa iko ukutani.

Mzazi, Ilula
Ahsanteni sana. Nimemweleza binti kwamba hata kwetu "fungua" ni kinyume cha "funga", lakini "nunua" si kinyume cha "nuna". Amelielewa, na "nonflammable" ameshaiandika kwenye daftari.