Naomba ushauri: njia za daladala zikipangwa upya, abiria aseme nini?

Wakuu, habari za leo. Huku kwetu Mbezi ndani tumeitiwa kikao cha kupanga upya njia za daladala, na mimi ndiye nimesukumiwa kuwasemea abiria. Kabla ya mwendokasi (yale mabasi yenye njia yao pekee) kuanza hapa Dar 2016 nilikuwa napanda gari moja hadi Kariakoo. Sasa ni bodaboda, daladala, kisha nashuka Kimara kupanga foleni upya ya mwendokasi. Basi lenyewe linakimbia, sikatai. Kinachoniua ni kule kubadili gari, mtoto mgongoni, ndoo ya maandazi mkononi. (Konda wa daladala angalau alikuwa ananipokea ndoo.) Je, nidai gari za moja kwa moja zirudi, au nauli moja ya safari nzima? Kikao ni Jumamosi.