Naomba ushauri: daftari, faili au laptop kwa noti za chuo?
Wakuu habari zenu. Naanza chuo mwezi ujao, uhandisi wa umeme, na nimekwama kwenye vifaa vya kuandikia noti. Nafikiria faili la pete la A4: nikikosa kipindi, nachomeka noti za mwenzangu mahali pake. Ila matundu ya karatasi yanachanika upesi.

Laptop ninayo, lakini kuchapa hesabu na michoro ya saketi ni mateso. Mhadhiri anafuta ubao, wewe bado unatafuta alama ya kipeo. Na nikiifungua tu, najikuta mitandaoni (najijua).

Halafu naandika kwa mkono wa kushoto, wino wa jeli unanipaka kiganja chote. Mashoto wenzangu, mnatumia kalamu gani? Na mnaotumia mtindo wa Cornell (ukurasa unaugawa: noti upande mmoja, maswali pembeni, muhtasari chini), ile safu ya maswali mnaijaza darasani au jioni?