Nina fidla tayari: niongeze udi, kanuni au nyatiti?

MwanaFidla: Wadau, habari zenu. Nimepiga fidla ya Kizungu tangu shule ya msingi, noti nasoma, okestrani nimekaa. Sasa nataka ala ya huku kwetu. Zimebaki tatu: udi (kama gitaa la shingo fupi), kanuni (ya nyuzi nyingi, hulazwa mapajani) na nyatiti (ya Wajaluo). Muda wangu ni mdogo. Nianze na ipi?

Mpwani78: Udi. Hauna freti, na vidole vyako vya kushoto vishazoea kutafuta sauti bila alama. Nyuzi kwa kawaida 11: jozi tano na mmoja wa besi peke yake. Kazi iko mkono wa kulia. Upinde huvuta sauti upendavyo. Udi ukishaugusa, sauti inaanza kufa, ndiyo maana wapigaji hurudisha risha, kile kijiti cha kupigia, harakaharaka.

ShangaziTaarabu: Vidole sawa mwanangu, sikio je? Kwenye Rast, moja ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu), ukianzia C noti ya tatu haimo kwenye piano, iko kati ya E na E-flati. Nimefundisha watu wenye vyeti vyao vya muziki, na karibu wote "huisahihisha". Wanaipandisha iwe E kamili bila kujijua, na wimbo unageuka mwingine. Maqamu ya Bayati nayo, noti ya pili, yaleyale. Kwangu mimi makaratasi yanawekwa kando, tunaimba kwanza, ala baadaye.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatutatu kwa kila sauti. Vile vichuma vidogo upande wa kushoto vinakuwekea robo toni yako, ile sauti ya katikati, hapo huteseki. Lakini kuzikaza! Mwenye muda mdogo ataishia kukaza tu.

Jasiaya: Nyatiti mmeiruka kabisa 😅 Nyuzi 8, usidanganyike na uchache. Unakaa chini kwenye kigoda, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ala, njuga mguuni, mikono inapishana, na bado unaimba. Wasomi wa noti huuliza "moja" ya mdundo iko wapi. Mwalimu hajibu, anakupigia tena. Anyango, yule mpiga nyatiti Mjapani Eriko Mukoyama, alienda kuishi Siaya kwa mwalimu wake ndipo akaipata.

MwanaFidla: Shikamoo Shangazi. Na nikibaki na fidla hiihii nijifunze taarabu?

ShangaziTaarabu: Marahaba. Ndiko nilikokuwa nakupeleka. Teremsha nyuzi mbili za juu toni moja moja, upate G-D-G-D badala ya G-D-A-E. Wapigaji wengi wa Kiarabu hutega hivyo. Ukipata likizo vuka Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) wanafundisha tangu 2002, udi na kanuni utavishika hukohuko.

Mpwani78: Bibi umeniharibia biashara ya udi 😂

MwanaFidla: Nimeteremsha sasa hivi. Uzi wa A umelegea, unapigapiga ubao. Ninunue mzito zaidi?

ShangaziTaarabu: Bado. Uache utulie siku mbili, utajipandisha kidogo, uurudishe. Na punguza nguvu za upinde.